Keki yenye bangi: mbona ilichelewa kumshika, na mbona haikumwachia hadi kesho yake?

Swali: "Munganga, jambo. Mimi ni dada wa Kadutu, hapa Bukavu. Siku ya posho mudogo wangu, ana miaka 21, alienda kwa sikukuu ya rafiki yake upande wa Nyawera. Saa tisa wakamupa kipande cha keki. Saa kumi akaongeza kingine, maana ilikuwa tamu na hakusikia kitu. Alifika nyumbani saa kumi na mbili, macho mekundu, anacheka peke yake. Saa mbili ya usiku akaanza kulia, anasema moyo unapasuka, anakufa, wamemuwekea sumu. Mama akasema ni karuho, ile sumu ya kuwekewa na watu. Tukamunywesha kikombe kizima cha maziwa, kisha mafuta ya mawese. Alilala saa sita ya usiku. Kesho yake mpaka saa sita ya muchana alikuwa muzito, akisimama anayumba. Rafiki zake wamekubali kwamba keki ilikuwa na bangi, yeye hawakumwambia. Lakini jirani yetu mwenye kuvuta anasema bangi inaisha kwa saa mbili, tatu, haiwezi kukamata mtu mpaka kesho. Sasa ilikuwa bangi ao sumu? Na itatoka mwilini lini? Anangoja kupimwa mukojo kwa kazi ya udereva."

Jibu: Dada yangu, poleni sana, wewe, mama na huyo kijana. Umeniandikia saa kwa saa, na hilo limenisaidia kuliko jambo lolote lingine. Kwa mpangilio huo, yaliyompata mdogo wako yanafuata njia ya bangi iliyoliwa, hatua kwa hatua. Jirani yenu naye hadanganyi. Anaeleza bangi ya moshi, ile anayoijua. Bangi ya tumboni ina safari nyingine.

Anayevuta hupitisha moshi kwenye mapafu, na kutoka mapafuni ile kemikali inayolewesha, inayoitwa THC, huingia katika damu na kufika ubongoni baada ya dakika chache tu. Kilele huja upesi, na baada ya saa mbili hadi nne mambo huwa yametulia. Ndiyo maana mvutaji anaweza kujipima: akisikia imetosha, anazima.

Anayekula hana nafasi hiyo. THC haiyeyuki katika maji, inayeyuka katika mafuta. Inangoja tumbo lifungue, iingie utumbo mwembamba, ichanganyike na nyongo, ndipo ipenye kuingia katika damu. Na damu inayotoka utumboni haiendi moja kwa moja ubongoni. Inapita kwanza katika ini. Hapo ini linaivunja sehemu kubwa, kiasi kwamba kwa kawaida THC inayofika katika damu ya mwili mzima ni kati ya asilimia 4 na 12 ya ile iliyomezwa. Mtu akisikia hivyo atadhani basi kuila hakuleweshi sana. Kumbe ini, katika kuivunja, linageuza sehemu yake kuwa kemikali nyingine, 11-hidroksi-THC, ambayo nayo inalewesha na inapenya ubongoni vizuri sana. Kwa mvutaji kemikali hiyo ni kidogo. Kwa mlaji ni nyingi, na inaendelea kutengenezwa kadiri utumbo unavyoendelea kunyonya. Ndiyo sababu ulevi wa kula una uzito wake, na ndiyo sababu hauondoki upesi.

Sasa tuchukue saa zako. Bangi iliyoliwa huanza kusikika kati ya nusu saa na saa mbili. Kilele chake huja saa mbili hadi nne baada ya kula. Kwa kawaida inadumu saa sita hadi nane, na kipimo kikiwa kikubwa inafika saa kumi na mbili. Baada ya hapo bado kunabaki uzito wa kichwa, usingizi na kuyumba ambavyo vinaweza kwenda hadi saa 24. Mdogo wako alikula saa tisa na saa kumi. Saa mbili ya usiku, alipolia kwamba anakufa, ilikuwa saa tano tangu kipande cha kwanza na saa nne tangu cha pili: vyote viwili vilikuwa vimepanda pamoja. Usiku wa manane akalala, na kesho yake adhuhuri ilikuwa bado ndani ya yale masaa 24. Kuyumba akisimama nako kunaeleweka, maana THC hugusa sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili, na tena mtu akiinuka ghafla msukumo wa damu yake hushuka.

Kipande cha pili ndicho kilichomuumiza, na hapo sina lawama hata moja kwake. Kijana hakuambiwa. Alikula keki kama keki. Kumlisha mtu bangi bila yeye kujua ni kumlevya kwa nguvu, hata kama waliofanya walicheka na hata kama walikuwa rafiki. Natamani vijana wa mji huu walichukue hivyo.

Lakini hata wale wanaojua wanachokula huanguka katika shimo hilohilo. Machi 2014, katika mji wa Denver huko Marekani, muda mfupi baada ya bangi kuanza kuuzwa kihalali dukani, mwanafunzi wa miaka 19 aliyetoka Kongo-Brazzaville alipewa biskuti iliyonunuliwa na rafiki yake, iliyokuwa na miligramu 65 za THC. Muuzaji alikuwa ameelekeza kiliwe kipande kimoja tu, maana kipimo cha mtu mmoja kule kilihesabiwa kuwa miligramu 10. Alikula kipande, akangoja kati ya nusu saa na saa moja, hakusikia kitu, akamaliza biskuti nzima. Saa mbili zilizofuata maneno yake yakavurugika, akawa mkali. Saa tatu na nusu tangu tonge la kwanza aliruka kutoka ghorofa ya nne ya hoteli, akafa. Bangi haikusimamisha moyo wake. Ilimchanganya akili mahali penye urefu. Kwa hiyo kila mtu anayeniambia "nilikula, hakuna kitu," namjibu kwamba saa moja baada ya kula bado hajajua lolote.

Keki ya nyumbani inazidi ile ya dukani kwa hatari moja: hakuna anayejua imebeba nini. Kwanza ujue kwamba jani bichi halileweshi sana, kwa sababu ndani yake kemikali bado haijageuka kuwa THC. Moto ndio unaoigeuza, moto wa kiberiti au moto wa tanuru, na siagi au mafuta ndiyo yanayoibeba. Piga hesabu nami. Tuseme mtu ametia gramu tano za bangi kavu, na bangi hiyo ina asilimia 10 ya THC. Hizo ni miligramu 500. Akikata keki vipande ishirini, kila kipande kinabeba miligramu 25, yaani zaidi ya mara mbili ya kile kipimo cha Denver, kwa mtu ambaye pengine hajawahi kuionja. Na hapo nimechukulia kwamba imechanganyika sawasawa, jambo ambalo halitokei katika sufuria na mwiko. Upande mmoja wa keki unaweza kuwa mtupu, na upande wa pili umebeba mara tatu. Ndiyo maana katika sikukuu moja huyu anacheza hadi asubuhi na yule anabebwa.

Umeniuliza pia, kwa njia ya kilio chake, kwa nini alisema anakufa. Ubongo wetu una milango midogo ambayo wataalamu huiita vipokezi vya CB1. Mwili wenyewe hutengeneza kemikali zake za kuigusa milango hiyo kwa kiasi, kwa kupimapima: za kumbukumbu, njaa, maumivu, hofu. THC huja na kuisukuma yote kwa pamoja na kwa muda mrefu. Mtu akishikwa vizuri atacheka, atasikia njaa, wimbo utakuwa mtamu. Akizidiwa, sehemu ya hofu ndiyo inayotawala. Dakika tano anaziona kama saa nzima. Anasahau sentensi kabla hajaimaliza, na kusahau huko kunamtisha zaidi. Moyo unaongeza mapigo, 20 hadi 50 kwa dakika juu ya kawaida, na yeye anayasikia mpaka masikioni. Kwa kijana asiyeambiwa kitu, katika mji ambao kila familia ina hadithi ya mtu aliyewekewa, wazo la kwanza ni sumu. Ningekuwa mahali pake ningesema vilevile.

Jambo la kuwatuliza: milango hiyo ya CB1 ni michache sana katika ile sehemu ya shina la ubongo inayoendesha pumzi. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya, aliyekula bangi peke yake bila vidonge wala pombe, ni nadra sana pumzi yake kusimama. Hofu ya kufa ni ya kweli kwake, anaisikia mwilini, lakini inapita.

Sasa nije kwa maziwa na mawese. Ninaomba umsomee mama sehemu hii kwa upole, maana alichofanya alikifanya kwa mapenzi, na ndicho tulichofundishwa wote tangu utotoni: mtu akisemekana kala karuho, mpe maziwa, mpe mafuta, atapike. Kwa bangi dawa hiyo inageuka. Nimesema THC inayeyuka katika mafuta. Kikombe cha maziwa mazito na mafuta juu yake huita nyongo utumboni, na nyongo na mafuta ndivyo vinavyoisaidia THC iliyobaki kupenya kuingia katika damu. Saa mbili ya usiku sehemu kubwa ilikuwa imeshapita, kwa hiyo siwezi kusema ndiyo yaliyomharibu. Lakini hayakutoa chochote, na pengine yalisukuma kidogo. Hatari iliyokuwa kubwa zaidi ni nyingine: mtu anayesinzia na kuyumba, ukimminia mafuta kinywani, yanaweza kushuka katika mapafu badala ya tumbo. Hapo umemtoa katika ulevi unaopita wenyewe ukamtia katika ugonjwa wa mapafu ambao unaweza kumuua. Kumtia vidole kooni atapike ni vilevile. Wengine husaga makaa ya mbabula wakanywesha, kwa kuwa wamesikia hospitali hutumia makaa. Makaa ya hospitali yametayarishwa kwa kazi hiyo, hutolewa mapema, kwa mgonjwa aliye macho na anayemeza vizuri. Ya mbabula yaacheni kwa kupikia. Maji baridi ya kumwagia mwilini nayo hayapunguzi kitu, yanamwangusha tu sakafuni penye utelezi.

Hakuna kidonge cha kuifuta bangi mwilini. Kinachosaidia ni kukaa naye. Chumba chenye mwanga mdogo, kelele kidogo, mtu mmoja au wawili anaowaamini, si majirani kumi mlangoni. Mwambieni kwa sauti ya kawaida, tena na tena kwa sababu anasahau: "Ulikula keki yenye bangi, itaisha, sisi tuko hapa." Maji, kidogo kidogo, kama anameza vizuri. Asipewe Primus ya kumtuliza, wala kasiksi, maana pombe inaongeza ulevi, na asipewe kidonge chochote cha usingizi kilichobaki nyumbani. Akisinzia, mlazeni ubavu, si chali, ili akitapika kisimpalie. Asiachwe peke yake karibu na moto, kwenye ngazi au karibu na ziwa. Bukavu ni mji wa miteremko. Kijana anayeyumba akitoka nje usiku anaweza kuvunjika shingo katika ngazi za Kadutu bila mtu kumgusa.

Mpelekeni hospitali, hata kama ni usiku, akishindwa kuamka mnapomwita na kumtikisa, akipumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, akishikwa na degedege, akiumwa kifua, akitapika bila kukoma, akitaka kujidhuru au kumdhuru mtu, au mkijua kwamba alichanganya na tramadol, diazepam au pombe kali. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo na mwanamke mwenye mimba wasingojwe nyumbani. Na mkifika, semeni ukweli. Najua watu huogopa: bangi ni marufuku katika nchi yetu, wanadhani munganga ataita polisi. Sisi tunafungwa na siri ya kazi. Tukijua ni bangi tunampa kitanda, tunapima msukumo wa damu, tukilazimika tunampa dawa ya kupunguza hofu, tunangoja. Tusipoambiwa tunaweza kumpa kisichofaa, huku saa zinapita.

Niongeze onyo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, kwa sababu hapa kwetu linaua. Si kila anayeongea ovyo amekula keki. Malaria iliyopanda kichwani inaanza hivyohivyo: kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, kusinzia. Sukari ikishuka ni hivyohivyo. Kuanguka na kuumia kichwa ni hivyohivyo. Mtu mwenye joto la mwili, mwenye shingo ngumu, aliyeanza kuumwa kichwa tangu juzi, au ambaye hakuna ushahidi wowote kwamba alikula kitu, asilazwe nyumbani kwa kusemwa "atalewuka." Kipimo cha malaria na tone la damu la kupima sukari havichukui hata nusu saa.

Je, bado kuna kipande cha keki hiyo mahali fulani? Ulizeni. Mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti, na kipande kilichomlaza kijana kinaweza kumzimisha mtoto: analala asiamke, mwili unalegea, wengine hupata degedege, na kwa watoto wadogo pumzi nayo inaweza kudhoofika. Katika nchi ambako vyakula hivi vimeenea idadi imepanda vibaya. Vituo vya sumu vya Marekani viliandikisha watoto 207 wa chini ya miaka 6 waliokula bangi mwaka 2017. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Mtoto aliyekula, hata kama bado anacheza, anapelekwa hospitali saa ileile. Msingoje muone.

Sasa mkojo. Ulevi kuisha na bangi kutoka ni mambo mawili. Ini likimaliza kazi yake linaacha mabaki ambayo hayaleweshi tena, lakini yanajificha katika mafuta ya mwili na kutoka polepole, mengi kwa choo kikubwa na mengine kwa mkojo. Kipimo cha mkojo kinatafuta hayo mabaki. Kwa mtu aliyetumia mara moja tu, kwa kawaida yanaonekana siku moja hadi tatu. Kwa kuwa mdogo wako alikula vipande viwili na hatujui ukubwa wake, mimi ningehesabu wiki nzima. Anayetumia kila siku ni habari nyingine: kwake inaweza kupita mwezi. Muulize, mkiwa wawili tu, kama ilikuwa mara yake ya kwanza. Usimuulize mbele ya mama.

Maji mengi, ndimu, maziwa, kukimbia mlima, chai ya majani: hakuna kati ya hivyo kinachoharakisha kazi hiyo kwa namna ya kutegemewa. Kama tarehe ya kupimwa iko karibu sana, bora aombe isogezwe, au amweleze daktari wa kazi kilichotokea. Kipimo kile hakisemi mtu alilewa lini wala kama amelewa sasa. Kinasema tu kwamba bangi ilipita. Maelezo yake yana nafasi.

Na kwa kuwa ni kazi ya udereva: baada ya kula bangi asishike gari wala pikipiki kwa saa 24 kamili, hata akijisikia mzima. Mikono inarudi mapema, hukumu ya mwendo na umbali inachelewa. Kwenye barabara yetu ya kwenda Uvira, kona moja ikikosewa inatosha.

Kwa wiki hii mwangalieni tu. Kama analala, anakula, anaongea kama mlivyomzoea, imekwisha, wala hahitaji dawa. Kama baada ya siku mbili bado anasikia sauti, anasema watu wanamfuata, halali usiku, au ile hofu inamrudia bila sababu, mpelekeni SOSAME, kituo cha afya ya akili hapa Bukavu, na mfanye hivyo upesi zaidi kama katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua akili, maana kwa watu hao bangi inaweza kufungua ugonjwa uliokuwa umelala. Mama akitaka aombewe, aombewe. Ila asifungwe kamba, asifungishwe kula, na dawa atakazopewa asizuiwe kuzimeza.